Habari za Mama Nabalayo na Milango Miwili ya Kioo

Njooni, enyi wa mtaa wa Bondeni na wa mtaa wa Shauri Yako! Njooni, wana wa reli mliotoka zamu na masizi usoni, nanyi akina mama mliotua ndoo! Kaeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Msingoje kwangu habari za simba aliyeuawa kwa mkuki mmoja, wala za ng'ombe waliotekwa ng'ambo ya Menengai. Hizo zina wasimulizi wake, na nusu yao ni waongo. Niliyo nayo mimi ni habari kubwa kuliko hizo, iliyotukia mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba, siku za kuelekea Pasaka, ndani ya chumba chenye upana wa hatua tatu na urefu wa hatua nne. Ni habari ya Mama Nabalayo, Mshika Funguo, Mkamuaji wa Matambara, na vita alivyopigana na maji.

Palikuwa na nyumba ya wageni ya kanisa hapa Nakuru. Zamani ilikuwa ya mjane mmoja wa Kizungu, mfuga farasi, naye alipofunga safari ya kurudi kwao aliliachia kanisa nyumba ile pamoja na vitanda sita, saa ya ukutani isiyotembea, na bafu la chuma, jeupe kwa ndani, refu kiasi cha mtu mzima kulala akanyoosha miguu. Juu ya bafu lile palikuwa na bomba la mvua. Nje ya ukuta palikuwa na pipa la maji juu ya kuni. Mtu akifungua koki, maji ya moto yalimshukia kichwani kama mvua ya masika. Ulikuwa utukufu, na wageni walitoka hata Eldama Ravine, wakijifanya wana shughuli za kanisa, kumbe wamekuja kuoga.

Lakini aliyelijenga bafu lile hakulipa ngome. Kati ya bomba na sakafu hapakuwa na ukuta, wala ubao, wala chochote. Basi kila mgeni alipooga, maji yaliruka kingo kikosi baada ya kikosi, yakashuka sakafuni, yakajipanga, yakapita chini ya mlango, yakauteka ukumbi na kuelekea jikoni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakumjua Nabalayo, ambaye kwa miaka miwili aliyazoa kila siku iliyoletwa na Mungu, kwa tambara na ndoo, amepiga magoti juu ya saruji baridi, akirudi nyuma kinyumenyume kama jemadari asiyetaka kumpa adui mgongo.

Magoti! Hapo ndipo penye kisa, nanyi myashike magoti hayo akilini. Nabalayo alikuwa mjane wa mchochea makaa wa gari moshi, mtu wa Bungoma, mwanamke mrefu asiyependa kuonewa huruma. Saruji ile ilimla magoti mpaka yakavimba. Ikafika hata Jumapili kanisani, kiongozi akisema na tupige magoti, kanisa zima likashuka kama majani yaliyopigwa na upepo, Nabalayo akabaki ameketi peke yake, kichwa chake juu ya vichwa vyote. Watu walinong'ona. "Mjane wa reli anamringia Mungu," walisema. Alisikia, naye aliumia kuliko alivyoumia magoti, kwa kuwa hakuna kitu alichokipenda duniani kama ile dakika ya kupiga magoti na kumtajia Mungu jina la marehemu mumewe.

Sasa nimtaje adui mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angalau hufukuzwa. Alikuwa Mwinjilisti Masinde, Sauti ya Nyanda za Juu, mwenye kimo cha mlango na mwili wa magunia mawili ya mahindi, aliyehubiri huko Sachangwan ambako baridi huamka kabla ya jogoo. Kwao alioga kwa kikombe na kwa haraka. Alipofika Nakuru na kuliona bafu, nafsi yake ilifurahi kupita kiasi. Alioga akiimba, na alipoimba alipiga makofi, na penye kiitikio alipiga miguu pia. Krismasi iliyotangulia aliimba beti zote za nyimbo tatu, na mafuriko yake yakafika jikoni, yakabeba ndara za wageni wanne, yakalowanisha unga wa sikukuu. Nabalayo alizoa maji tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Na huyu Masinde alikuwa amealikwa kuhubiri Pasaka.

Ndipo halmashauri ya nyumba ikaketi. Kitini alikaa Mzee Kimaiyo, aliyekuwa sajini wa KAR, jeshi la mkoloni, na kuiona vita ya Burma, ambaye hata chai aliinywa kwa amri. Kulia kwake Bwana Obura, katibu, karani wa ghala la mizigo steshen, mwenye kalamu mbili mfukoni na Kizungu cha kutosha kuharibu Kiswahili chake. Kushoto, Kemboi, fundi wa mawe na mbao, mwenye maneno machache, na mengi ya hayo machache yasiyofaa kanisani.

"Ndugu zangu," alinguruma Mzee Kimaiyo, "Burma tulivuka mito kumi na moja, na hakuna mto ulitushinda. Leo tunashindwa na bafu? Tulijaribu pazia. Mlikuwepo. Pazia lilimshika Mwinjilisti mwili mzima, wakapigana mieleka, pazia likaanguka na chuma yake. Sasa mimi nauliza: kuna haja gani ya kuhangaika? Mama Nabalayo yuko. Tambara liko. Kazi inaendelea."

Nabalayo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini.

"Mzee wangu," alisema, "naomba kusema, na nikikosea mnisamehe. Magoti ya mtu ni mawili. Haya yangu nilimpatia Mungu siku nilibatizwa. Hii miaka mbili nimeyapatia maji ya Mwinjilisti. Mungu akiniuliza, Nabalayo, magoti yangu iko wapi, nitamwambia nini? Nitamwambia iko bafuni?"

Kemboi alitazama dari. Mzee Kimaiyo, ambaye hakurudi nyuma mbele ya bunduki, alirudisha kiti chake nyuma kidogo.

"Kuna kitu inaitwa milango ya kioo," alisema Obura akisafisha koo. "Niliiona kwa nyumba ya mkubwa wa reli. Inasimama juu ya ukingo wa bafu, milango mbili, inateleza kwa vireli vidogo, hivi na hivi. Double line! Maji inagonga, inarudi nyumbani. System safi kabisa."

"Mimi nitaweka," alisema Kemboi. "Nitazungushia bafu matofali, nipige saruji, vireli vikae juu."

Mzee Kimaiyo aligonga meza. "Imepita. Lakini ni mara moja tu! Maji ikitoka tena Pasaka hii, tunarudi kwa tambara, na hii maneno ya kioo isiletwe mbele yangu tena mpaka nife. Na Mama ndiye atachagua. Atakayelaumiwa ajulikane mapema." Hivyo ndivyo Nabalayo alivyopewa ujemadari, kama wengi wanavyopewa vyeo, ili pawe na wa kutupiwa lawama.

Kesho yake alivaa gauni lake la bluu, akafunga kitambaa kichwani, akashuka na Obura hadi duka la Bwana Popatlal, muuza vifaa vya ujenzi. Vumbi la Machi lilikuwa limesimama barabarani, nao walipita katikati yake. Popatlal aliwatolea vipande viwili vya kioo, kila kimoja kikubwa kama sinia, akaviegemeza juu ya kaunta.

Mwanamke mwingine angeuliza kipi kinapendwa na watu. Nabalayo alimtuma Obura asimame nyuma ya kile cha kwanza. Kilikuwa kioo cheupe, angavu. Alimwona Obura na kalamu zake zote mbili, na doa la mchuzi kwenye tai.

"Hapana," alinena. "Hii, Mwinjilisti akioga na mtu apite na mlango uko wazi kidogo, kanisa litakwisha."

Akamhamisha nyuma ya kile cha pili. Hicho kilikuwa kimekwaruzwa upande mmoja kikawa kama dirisha la asubuhi ya baridi. Mwanga ulipita, Obura hakupita; alibaki kivuli tu kisicho na kalamu wala doa. Nabalayo alikitazama kwa muda mrefu. Alikigonga kwa kucha, akakisikiliza. Moyo wake ukamwambia ndicho.

"Hiki cha ukungu," alisema. "Nataka cha ukungu."

"Kuzuri sana mama," alisema Popatlal. "Lakini hii ya mlango mimi hapana kata hapa. Nairobi nakata. Wewe andika barua, andika kipimo, gari moshi naleta."

Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo shetani alipokalia ncha ya kalamu. Kwa kuwa Obura alirudi ghalani kwake, akaketi mbele ya karatasi, na lile neno likamsumbua. Ukungu! Ukungu ni wa mkate uliooza. Angeandikaje barua ya kanisa, yenye muhuri wa kanisa, aseme watu wa Mungu wanaagiza ukungu? Akatafuna kalamu ya kwanza, akaandika kwa ya pili, kwa mwandiko wa kulala uliowahi kusifiwa na wakubwa watatu: "Tunaomba kwa heshima mtukatie milango miwili ya kioo, kwa namna ambayo mtu akikitazama asimwone aliye upande wa pili, bali aone upande wake mwenyewe tu."

Aliisoma mara tatu, akaipenda zaidi kila mara, akaituma.

Siku zikapita. Kemboi alilizungushia bafu matofali, akapiga saruji, akalaza vireli. Ijumaa Kuu, ibada ilipokwisha, sanduku likaletwa kutoka steshen kwa mkokoteni, limefunikwa magunia, watu wawili wakisukuma na Mzee Kimaiyo akitembea mbele akifukuza kuku njiani. Wasukumaji wakalitua barazani walipongoja Nabalayo, Obura na Kemboi, wakauacha mkokoteni wakaenda zao. Kemboi akang'oa misumari, akavuta majani makavu, akausimamisha mlango wa kwanza.

Nao wote wanne wakajiona.

Walijiona tangu kofia hadi viatu, wamesimama barazani na midomo wazi, na nyuma yao mkokoteni na kuku. Kilikuwa kioo cha kujitazamia. Kikubwa, kizuri, kisicho na dosari, na mgongo wake umepakwa rangi ya kahawia; na ndani ya sanduku, ndugu yake pacha. Mzee Kimaiyo, aliyekuwa hajauona mwili wake wote tangu jeshini, alijikuta ameunyoosha mgongo na kujipigia saluti. Kemboi alimtazama yule Kemboi mwingine, akaguna.

"Wazee walisema nyani haoni kundule," alisema. "Sasa huyu Mwinjilisti ataiona yote."

"Obura!" alinguruma Mzee Kimaiyo. "Uliandika nini?"

Obura alitoa nakala ya barua mfukoni, akaisoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Akaikunja. "Kila neno ni sahihi," alisema kwa huzuni kubwa. "Ningeandikaje ukungu? Ukungu ni wa mkate." Na kwa kweli yule mkata kioo wa Nairobi hakuwa na kosa. Alitii alichoandikiwa, jambo ambalo siku hizi ni nadra.

Nabalayo alisogea karibu. Katika kioo kile alimwona mwanamke mrefu aliyeanza kuinama, na mkono wake ulikuwa umeshika goti bila yeye kujua. Mwinjilisti angefika kesho mchana. Kurudisha sanduku Nairobi na kungoja jingine kungechukua majuma matatu. Machozi yalimlenga, akayapangusa upesi, kwa kuwa maji ya kuzoa yalikuwa tayari mengi.

"Basi imekwisha," alisema Mzee Kimaiyo, kwa upole ambao hakuuzoea. "Mama, pole. Mtumishi wa Mungu hawezi kuoga akijitazama uchi. Hiyo ni majaribu. Tuyafunge tena kwa sanduku."

"Igeuzeni itazame nje," alisema Obura.

"Mgongo ikipigwa na maji, rangi inabanduka kwa wiki mbili," alijibu Kemboi. "Uso wake lazima utazame maji. Hakuna njia ingine."

Nabalayo aliinua kichwa.

"Ifunge," alisema.

"Mama..."

"Mzee wangu, ulisema mimi ndio nitachagua. Basi nachagua. Kemboi, ifunge, uso utazame maji. Mniachie kuni."

Wakamtazama, na pengine kwa mara ya kwanza wakaona kwamba katika nyumba ile jemadari alikuwa mmoja, naye hakuvaa suruali. Kemboi alifunga milango. Ilikaa juu ya ukingo wa bafu, ikateleza kwa mlio mtamu, ikakutana katikati. Nabalayo akatoka nje, akachochea kuni chini ya pipa kama marehemu mumewe alivyochochea injini kupandisha mlima wa Timboroa. Pipa liliponguruma aliingia, akafungua koki, akarudisha mlango ukabaki wazi kiasi cha jicho, akachungulia.

Maji yalishuka. Mvuke ukapanda. Ukaigusa ile milango mipana inayong'aa, na polepole, toka juu kuja chini, kioo kikafifia, kikawa cheupe, kikawa kama dirisha la asubuhi ya baridi. Palipokuwa na uso wake pakabaki kivuli tu.

Nabalayo akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, nao wanaume wakaingia mbio wakidhani ameungua.

"Bwana Obura," alisema akipangusa macho, "ona. Huu ndio ukungu niliagiza. Haukuwa wa mkate."

Obura alitazama, akazitoa kalamu zake zote mbili mfukoni, akaziangalia kana kwamba ndizo zilizokosa, akazirudisha.

Jumamosi, saa tisa mchana, Mwinjilisti Masinde aliingia vitani. Alikuja na taulo begani na sabuni nzima mkononi, akawasalimu wote waliokuwa ukumbini, akashangaa wingi wao. Walikuwepo Kimaiyo, Obura na Kemboi, kila mmoja akijifanya ana shughuli pale. Nabalayo alisimama mbele ya mlango wa bafuni, ndoo kushoto, tambara kulia, macho yake kwenye ule upenyo wa chini ya mlango.

Walisikia milango ya kioo ikiteleza wazi, kisha ikifungwa. Kisha hawakusikia kitu.

Masinde hakuimba. Hakufungua maji.

"Amejiona," alinong'ona Kemboi.

"Kimya, askari!" alinong'ona Mzee Kimaiyo.

Kutoka ndani ikasikika sauti nzito, ya mtu anayesema na mgeni asiyemtarajia: "Lo! Na huyu je?" Kisha pumzi ndefu. Kisha koki ikafunguliwa, maji yakashuka, na baada ya kitambo, mvuke ulipokuwa umeifanya kazi yake ya huruma, wimbo ukaanza. Ulianza kwa woga. Ubeti wa pili ukapata nguvu. Kwenye kiitikio makofi yakapasuka, miguu ikafuata, bafu likalia kama ngoma, na maji yakajitupa juu ya milango ile kwa vikosi, kwa majeshi, kwa mataifa. Yakagonga, yakarudi nyumbani, yakaja tena, yakarudi tena. Vireli vililia. Nabalayo hakupepesa macho.

Chini ya mlango ukatokeza ulimi mmoja mdogo wa maji. Ukanyoosha ncha, ukaingia ukumbini upana wa kidole. Mzee Kimaiyo alivuta pumzi. Obura alifumba macho. Ulimi ukasogea hadi kidole cha pili. Nabalayo alisikia magoti yake yakianza kukunjika yenyewe, kwa mazoea ya miaka miwili, akayakataza. Wimbo ukafika amina. Koki ikafungwa. Na ule ulimi wa maji, jasusi wa pekee wa jeshi lililoangamia, ukasimama pale pale, ukatetemeka, na saruji ikaunywa.

Masinde akatoka amejifunga taulo, mwekundu wa macho, mpole.

"Mama Nabalayo," alisema, "mle ndani nimekutana na mtu mnene sana. Miaka hamsini tumeishi pamoja, hatukuwahi kuonana. Naomba kesho usinipikie nyama nyingi."

Akapita. Nabalayo alisukuma mlango, akaingia. Sakafu ilikuwa kavu kutoka ukuta hadi ukuta, ila tone moja lililodondoka kutoka nywele za Masinde alipokuwa akitoka. Aliivua ndara yake, akakanyaga saruji kwa unyayo mtupu. Kavu. Akalitundika tambara msumarini.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa hadi ngazini, na mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, huko nje inakostahili kunyesha. Masinde alihubiri juu ya mtu kujitazama mwenyewe kwanza, na waliokuwa ukumbini Jumamosi hawakuthubutu kutazamana. Kisha akasema, na tupige magoti.

Kanisa likashuka. Na Mama Nabalayo, Mshika Funguo, Mfunga Mafuriko, akashika kiti cha mbele yake, akashuka pia, polepole, goti la kulia, kisha la kushoto. Yalilia, yakasikika hadi madhabahuni. Wale wanong'onaji wakageuka, wakaona, na mmoja wao akaona haya kweli kweli. Yeye hakuwaona. Alikuwa akilitaja jina la mumewe.

Amina ikasemwa, watu wakainuka, na Nabalayo alikuwa bado yuko chini. Mzee Kimaiyo alimwendea haraka, akamshika kiwiko.

"Mama, umeshindwa kusimama? Tukuinue?"

"Niache kidogo, mzee wangu," alisema Nabalayo, amefumba macho, akitabasamu. "Leo hakuna kitu ya kupanguza."

Basi hiyo ndiyo habari, nanyi mmeisikia kutoka kwa mtu asiyeongeza chumvi ila ya kutosha. Wengine huutaja mwaka ule kwa nzige, wengine kwa vita vya msituni. Wa nyumba ya wageni huuita Mwaka wa Sakafu Kavu. Anayekwenda kuoga na aoge. Na anayeondoka, aangalie asinikanyagie ukumbi kwa viatu vyenye matope.